Mchezo Nao Huhubiri

Somo la siku ile lilikuwa kondoo aliyepotea. Luka 15, mchungaji mwenye kondoo 100 anawaacha 99 nyikani na kumfuata mmoja mpaka amwone. Nadhani nililifundisha vizuri. Watoto walitulia, wakajibu maswali, na mmoja akaniuliza kama wale 99 hawakuogopa kubaki peke yao. Kisha tukatoka nje kucheza, maana nilikuwa nimewaahidi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kukimbizana: anayeguswa anatoka na kwenda kukaa ukutani, na anayebaki mwisho ndiye mshindi.

Binti mmoja wa miaka 7, mzito wa mbio, aliguswa mwanzo kabisa, filimbi ikiwa bado mdomoni mwangu. Akaenda ukutani. Akakaa pale amekunja magoti hadi kidevuni, anachorachora mchangani kwa kijiti, muda wote uliobaki. Ilikuwa kama robo saa. Mimi nilikuwa nawashangilia wenzake. Tuliporudi ndani kufunga kwa sala nikauliza, kama ilivyo desturi yangu, "Haya, nani atukumbushe leo tumejifunza nini?" Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tumejifunza kwamba anayechelewa anakaa pembeni."

Hakusema kwa uchungu. Aliulizwa swali, akajibu.

Ni miaka 4 sasa, na jibu lile halijanitoka. Siku ile nilikuwa nimehubiri mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa mchezo, na mahubiri yale yalipingana. Mtoto aliyasikia yote mawili, akaamini yale yaliyompata mwilini. Wengi wetu tunaofundisha watoto dini tumezoea kuuona mchezo kama asali ya kulainishia dawa: somo ndilo dawa, na mchezo ni wa kuwachangamsha tu ili waimeze. Ndiyo maana tunaandaa somo kwa wiki nzima, halafu mchezo tunauokota mlangoni tukiwa tunatoka nje. Mimi nimekuja kuamini kwamba kanuni za mchezo ni mahubiri kamili. Zinamwambia mtoto nani ana thamani, nani anasubiriwa, kosa linasamehewa au halisamehewi, na mwenye nguvu awafanyie nini wasio na nguvu. Kama kanuni hizo zinasema kinyume cha somo, somo limeshindwa kabla halijaanza.

Aliyenifungua macho kwanza ni Mtume Paulo. Barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, ina wakimbiaji na wapiga ngumi, na hakuwaweka mle kwa kupamba maneno. Jirani kabisa na Korintho, mahali paitwapo Isthmia, yalifanyika mashindano makubwa kila baada ya miaka 2, na Matendo ya Mitume inatuambia Paulo alikaa katika mji ule mwaka mmoja na nusu. Waliosomewa barua ile walikuwa wameishi jirani na viwanja. Walijua mwanariadha anavyojinyima, na walijua mshindi anavikwa nini kichwani: taji la majani.

Nilitaka watoto nao walijue taji hilo. Jumapili moja tukasuka la kwetu kwa vijiti laini na majani mabichi, tukakimbia, mshindi akavikwa, wote wakapiga makofi. Nikaliweka taji juu ya kabati la darasa bila kusema neno. Wiki iliyofuata nikalishusha. Majani yalikuwa yamejikunja na kuwa ya kahawia, na kila mtoto aliyelishika alibaki na unga wa majani viganjani. Mshindi wa wiki iliyopita alilikataa kichwani, alisema linawasha. Hapo ndipo nikasoma habari ya wale wanaojizuia katika yote ili wapokee "taji iharibikayo". Neno hilo ni la Kiswahili cha zamani kidogo na huwapiga chenga watoto. Siku ile halikumpiga chenga hata mmoja, kwa sababu lilikuwa limewapukutikia mikononi.

Lakini Paulo huyo huyo anasema katika mbio zile tuzo hupokelewa na mmoja, na hapa ndipo walimu wengi huteleza. Tunaishika sentensi hiyo na kuandaa mashindano ya kumpata mmoja, tunasahau kwamba yeye aliwaandikia wote wakimbie wapate. Kinachomvutia Paulo kwa mwanariadha ni kujizuia kwake, yale maisha ya nje ya uwanja ambayo hakuna anayeyashangilia.

Kisha nikasoma habari za James Naismith. Desemba 1891, huko Springfield katika jimbo la Massachusetts, Marekani, Naismith alikuwa mwalimu kijana katika chuo cha YMCA, chama cha vijana Wakristo. Alikuwa amesomea theolojia kabla ya kwenda kufundisha mazoezi ya viungo. Akapewa darasa la wanaume 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani ya majira ya baridi, atafute mchezo wa kuwafaa. Akachunguza kwa nini watu huumizana katika michezo ya mpira. Akaona kwamba mwenye mpira anakimbia nao, hivyo wenzake hawana budi kumwangusha. Basi, akaamua, mwenye mpira asikimbie nao. Akaona pia kwamba goli likiwa chini mtu huufyatua mpira kwa nguvu zake zote. Basi goli liwe juu ya vichwa, ili mpira urushwe kwa upole upate kutua ndani. Vikapu 2 vya matunda vikapigiliwa kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, kanuni 13 zikabandikwa ukutani, na mpira wa kikapu ukazaliwa.

Kanuni zile 13 hazimtaji Mungu. Kumpiga kumbo mwenzako, kumshika, kumsukuma, kumtega au kumpiga kumekatazwa, basi. Ila ukizisoma ukijua zimetoka kwa nani, unamwona mtu aliyekaa chini akajiuliza: nikiondoa hiki na kuweka hiki, wachezaji wangu watatendeanaje? Upole hakuusimulia. Aliuweka katika urefu wa goli, hata asiye mpole ikambidi arushe kwa upole.

Baada ya hapo nikaanza kuandaa mchezo kama ninavyoandaa somo, kwa kalamu na karatasi. Na swali langu la kwanza, kabla sijafikiria aya wala mfano wowote, ni hili: mtoto aliye dhaifu kuliko wote atakuwa anafanya nini dakika ya 5? Kama jibu ni kwamba atakuwa amekaa anatazama wenzake, mchezo huo nauacha, hata kama watoto wanaupenda. Mara nyingi mchezo mzuri ulishakuwepo, ila nilikuwa sijautazama. Kombolela, kwa mfano. Katika kombolela, waliokamatwa hawajaisha. Amebaki mmoja amejificha, na wote wanamngoja yeye. Akichomoka akaigusa nguzo kabla ya mtafutaji, waliokamatwa wote wako huru. Jina lenyewe linanukia kukomboa. Nilikuwa nimefundisha neno Mkombozi kwa miaka mingi kwa maelezo marefu, na watoto walikuwa nalo tayari, wanalipigia kelele uwanjani kila jioni.

Siku nilipolitumia kwa somo nilifanya jambo moja tu la ziada. Mchezo ulipofika mahali pazuri, wamekamatwa wote isipokuwa mmoja, nikapuliza filimbi na kuwaomba wabaki walivyo. Nikawauliza waliokamatwa, "Hapo mlipo, mnaweza kujitoa wenyewe?" Hawawezi. "Mnafanya nini?" Kijana mmoja akasema, "Tunamwita." Na kweli walikuwa wanamwita kwa jina. Sikuongeza kitu. Nikapuliza filimbi tena, yule aliyejificha akatoka mbio, na kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia katika wimbo wowote wa kusifu.

Badiliko jingine nililifanya kwenye saa. Katika mbio za timu za kuteleza kwenye barafu, wanariadha 3 hukimbia pamoja na saa husimama pale wa mwisho wao anapovuka mstari. Nikaichukua kanuni hiyo jinsi ilivyo. Timu inakimbia, muda wa timu ni muda wa mtu wake wa mwisho. Mara ya kwanza wenye kasi walifika, wakageuka, wakaanza kumfokea mwenzao aliye nyuma. Sikuingilia. Mara ya pili wawili wakarudi wakamshika mikono. Mara ya tatu walimtanguliza mbele, wakakimbia nyuma yake kwa mwendo wake, na huo ndio muda bora waliopata siku ile. Tukafungua Wagalatia 6, habari ya kuchukuliana mizigo, wakiwa bado wanahema.

Mbio za kupokezana vijiti ndizo ninazozipenda kuliko zote, na nitazikalia kidogo. Katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 2 aya ya 2, Paulo anamwambia kijana wake kwamba mambo aliyoyasikia kwake ayakabidhi kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha na wengine. Hesabu: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, wengine. Wanne. Timu ya mita 100 mara 4 ni watu wanne vilevile, na kila nikiwasomea aya hiyo huwapanga wanne mbele ya darasa na kuwapa majina hayo. Kijiti ni karatasi ngumu iliyoviringishwa, ndani yake imeandikwa aya. Sharti ni kwamba unapompa mwenzako kijiti unamwambia aya, naye hawezi kuondoka mpaka airudie. Wakubwa huanza, wadogo humaliza. Mtoto wa miaka 6 akivuka mstari anaisema aya mbele ya wote, na kila mmoja anajua ameipata kwa nani.

Kuna mambo mawili katika mbio hizo ambayo mahubiri yangu hayajawahi kuyafikia. La kwanza, katika mita 100 mara 4 anayepokea hageuki nyuma. Ameshaanza kukimbia, ameunyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na kazi ya kukitia kijiti katika kiganja hicho ni ya anayekuja nacho. Nimeshawaambia wazazi hivyo katika mkutano wetu: mtoto hakutazami, anakimbilia mbele, mkono wake uko wazi kwa muda mfupi sana, na eneo la kupokezana ni mita 30 tu.

La pili ni kijiti kikianguka. Watoto wengi wanadhani kikianguka basi, mbio zimekwisha. Kanuni ya riadha haisemi hivyo. Inasema aliyekiangusha ndiye anayekiokota. Anaruhusiwa hata kutoka kwenye njia yake kukifuata kilikobiringika, mradi asifupishe mwendo wala asimzuie mkimbiaji mwingine, kisha anaendelea. Siku moja mvulana alikiangusha timu yake ikiwa inaongoza. Akasimama kama mti, mikono usoni. Wenzake walianza kulalamika. Nikapaza sauti, "Okota, mwanangu! Bado ni chako, okota!" Alirudi, akakiokota, akafuta vumbi kwenye suruali, akakimbia. Walimaliza wa tatu kati ya timu tatu. Tulipokaa chini nikaacha somo nililoandaa, tukazungumza habari ya toba kwa kutumia kilichotokea. Hakuna aliyemwambia arudi mstari wa kuanzia. Hakuna aliyemwokotea. Alirudi pale pale kilipoanguka, na kutoka pale akaendelea. Nimesoma vitabu vingi juu ya toba ambavyo havikunieleza jambo hilo kwa uwazi kama vumbi lile kwenye suruali.

Nisije nikafanya ionekane kila jambo limekuwa likienda vizuri. Waebrania 12 inasema tuweke kando kila mzigo mzito, nami nikafanya kama wafanyavyo walimu wengi: mkoba mgongoni, mawe ndani, kila jiwe limeandikwa dhambi, uongo, wivu, hasira. Mtoto anakimbia nao, kisha anatoa jiwe mojamoja na kukimbia tena akiwa mwepesi. Wakubwa walifurahi. Lakini mtoto mmoja wa miaka 5 akaanza kuogopa mawe. Mama yake alinieleza kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa anayakwepa njiani na kumwuliza kama yule aliyeyaacha pale alikuwa mtu mbaya. Kosa lilikuwa langu. Watoto wadogo hawaichezei mifano kama sisi. Ukimwambia jiwe ni dhambi, jiwe ni dhambi. Sasa kwa walio chini ya miaka 7 situmii fumbo. Kushirikiana ninakufundisha kwa mchezo ambao lazima washirikiane, na kungoja zamu kwa mchezo wa zamu, na jina la tendo ni jina la somo.

Na hata kwa wakubwa niliacha kuandika majina kwenye mawe. Kuna siku niliwaambia kila mmoja ataje jiwe lake ni lipi, na nikamwona msichana mmoja akitazama wenzake mmoja mmoja kabla ya kutaja kitu chepesi ambacho kila mtu angekitaja. Maungamo ya mtoto si ya kuchezewa mbele ya watu. Siku hizi mawe hayana maandishi. Unatoa lako, unaliweka chini, na Mungu anajua ni nini.

Kuhusu zawadi nitasema kwa ufupi. Nilikuwa natoa pointi kwa kila aya iliyokaririwa na kila mbio zilizoshindwa. Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti juu ya watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti cha kuvutia endapo watachora, baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Niliposoma hilo nikalitambua darasa langu: wiki zisizo na pointi, hakuna aliyekuwa anafungua Biblia. Nikaziondoa. Walinung'unika kwa muda, kisha wakasahau.

Mchezo wa sauti ndio uliowahi kunitoa machozi. Yohana 10, kondoo wanaijua sauti ya mchungaji. Mtoto anafungwa kitambaa machoni, anatakiwa kupita kati ya vizuizi akifuata sauti ya mmoja huku wengine wote nao wakimwita na kumpa maelekezo ya uongo. Nilikuwa na mvulana asiyeona vizuri, ambaye katika michezo ya mpira alikuwa akirudi nyuma mwenyewe kabla hajaambiwa. Nikakumbuka goalball, mchezo ulioanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza uwezo wa kuona vitani, na ambao umo katika Michezo ya Paralimpiki tangu Toronto 1976. Timu ni ya wachezaji 3, mpira una kengele ndani, na wachezaji wote hufunikwa macho, hata yule anayeona kidogo, ili wote wawe sawa. Watazamaji hunyamaza mpira ukiwa uwanjani, maana wakipiga kelele wanauua mchezo.

Nikaweka njuga kadhaa ndani ya mpira, nikaufunga vizuri, na wote wakafungwa macho, nami nikiwa macho kwa ajili yao. Wenzake walikuwa wakipapasa hewani kama watu waliomwagikiwa na giza. Yeye aliinama kidogo, akageuza sikio upande mmoja, akangoja. Mpira ukaja, akaulalia. Ukaja tena, akaulalia. Mtoto mmoja akauliza toka gizani, "Unafanyaje?" Akajibu, "Nyamazeni kwanza."

Baada ya mchezo tukarudi kwenye ile ya kufuata sauti, na msichana aliyewahi kupotea mara mbili akafika moja kwa moja. Nikamwuliza amewezaje. Akasema safari hii aliyekuwa anamwita ni kaka yake. Wengine nao walimwita kwa jina lake, ila sauti ya kaka yake ameizoea. Nilikuwa nimepanga kueleza kwa nini tunasoma Neno kila siku na si siku ya shida tu. Ikawa imeshaelezwa.

Nina rafiki anayefundisha madrasa. Tulipokutana nikamsimulia mambo haya, naye akasema, "Mwalimu, na kwetu lipo." Akanipa hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, ya Mtume (s.a.w.) kushindana mbio na Bi Aisha wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda. Baadaye, Bi Aisha akiwa ameongezeka mwili, walishindana tena, Mtume akashinda, akamwambia hii ni kwa ile. Nikamwuliza, "Ustadh, watoto ukishawasimulia unawauliza nini?" Akasema huwauliza kwanza nani alishinda, nao huhesabu: kila mmoja mara moja. Kisha huwauliza, "Na nani alikasirika?" Hukaa kimya wakitafuta, kwa sababu hakuna. Nilimwomba ruhusa ya kulichukua swali hilo. Sasa kila mchezo ukiisha nawauliza watoto wangu mambo hayo mawili kwa mpangilio huo, na la pili ndilo linalochukua muda.

Mwaka jana mvulana mmoja, mwenye mbio kuliko wote niliowahi kuwafundisha, alibaki nyuma wenzake wakiondoka. Alikuwa anazungushazungusha kamba ya filimbi yangu. "Mwalimu," akasema, "kwani kukimbia haraka ni dhambi?"

Nilihitaji kukaa chini. Katika kumtafuta yule aliyekaa ukutani nilikuwa nimemfunga miguu huyu. Kila mchezo wangu ulimtaka apunguze mwendo, asubiri, arudi nyuma, na hakuna hata mmoja uliowahi kumwambia kwamba kasi yake nayo imetoka kwa Mungu. Nikamwambia sivyo, si dhambi, na nikamwomba radhi. Jumapili iliyofuata tukapima mita 60, tukachora mstari, na wote waliotaka wakakimbia kwa uwezo wao wote, saa ikiwa mkononi, bila fumbo. Tangu hapo tunafanya hivyo kila mwezi. Kila mmoja anaandika muda wake kwenye daftari lake na kuulinganisha na muda wake mwenyewe wa mwezi uliopita.

Siku ile baada ya mbio niliwasimulia habari za Eric Liddell, mwanariadha wa Uskoti aliyekuwa na kasi ya ajabu katika mita 100. Mchujo wa mbio hizo katika Olimpiki ya Paris, mwaka 1924, ulipangwa Jumapili, naye akakataa kukimbia siku ya Bwana. Akajiandaa kwa mita 400, ambazo hazikuwa mbio zake, akashinda kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia. Walipiga makofi. Isipokuwa binti yule wa ukutani, ambaye sasa ana miaka 11.

"Na kama angeshindwa?" akauliza.

"Angeshindwa mita 400?"

"Ndiyo. Tungemsimulia?"

Nikawaeleza kwamba alipoamua kuacha mita 100 hakujua kama atashinda nyingine yoyote. Uamuzi ulikuja miezi mingi kabla ya medali. Na kwa kuwa sikutaka habari yake iishie kwenye medali, nikawasimulia sehemu ambayo huwa hatuifikii. Mwaka 1925 alikwenda China, nchi aliyozaliwa, akawa mmisionari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili akafungwa na Wajapani katika kambi ya Weihsien pamoja na mamia ya watu, wakiwamo watoto wengi waliotenganishwa na wazazi wao. Huko ndiko alikofundisha na kusimamia michezo yao mpaka alipofariki mwezi Februari 1945, akiwa na miaka 43. Waliokuwa naye wamesimulia kwamba hata kambini hakukubali kusimamia michezo siku ya Jumapili. Ikatokea Jumapili moja vijana wakacheza wenyewe bila mwamuzi, mchezo ukaishia kwenye ugomvi. Jumapili iliyofuata Liddell alikuwa uwanjani, anawaamua.

Darasa likanyamaza. Niliwaona wakijaribu kuyaweka pamoja mambo mawili yasiyotaka kukaa pamoja, na sikuwasaidia.

"Kwa hiyo medali aliikataa," yule mvulana mwenye mbio akasema taratibu, "halafu kwa ajili ya watoto akakubali?"

"Walikuwa wanapigana," binti akamjibu, kana kwamba hilo linatosha.

Kisha akanigeukia na kuniuliza kama muda bado upo, wacheze kombolela moja kabla ya sala, na kama leo filimbi anaweza kushika yeye.